Nafasi ya mwanamke isilindwe kwa kumpekua mwanamke

Na Felista Kasonso

Agosti 20, 2016, mjini Rio de Janeiro, wanawake watatu wa Afrika walipanda jukwaani kuvishwa medali za Olimpiki za mita 800. Caster Semenya wa Afrika Kusini alichukua dhahabu, Francine Niyonsaba wa Burundi fedha, Margaret Wambui wa Kenya shaba. Kwetu Katavi medali ya Niyonsaba ina uzito wake. Amezaliwa Ruyigi, upande wa Burundi unaopakana na Tanzania, na hapa kwetu Katumba na Mishamo wapo maelfu ya Watanzania wenzetu ambao wazazi wao waliikimbia Burundi mwaka 1972. Ilikuwa medali ya pili tu ya Olimpiki katika historia ya nchi hiyo, na ya kwanza kwa mwanamke.

Miaka mitatu haikupita kabla wote watatu hawajafungiwa njia. Kanuni za Shirikisho la Riadha Duniani zilizotungwa mwaka 2018 na kuanza kutumika Mei 2019 zilisema mwanamke aliyezaliwa na hali fulani za kimaumbile, mwenye testosteroni nyingi mwilini, asikimbie kuanzia mita 400 hadi maili moja mpaka aishushe kwa dawa. Wote watatu walikataa. Niyonsaba akahamia mbio ndefu, ambazo kanuni haikuzigusa, na Septemba 2021 akaweka rekodi ya dunia ya mita 2,000 kule Zagreb. Machi 2023 kanuni ikapanuliwa hadi mbio zote, na huko nako akakuta mlango umefungwa. Tangu Septemba 1, 2025, kila mwanamke anayetaka kushindana kwenye mashindano ya dunia ya riadha lazima apimwe, kwa ute wa shavuni au damu, kuona kama ana jeni iitwayo SRY, ambayo kwa kawaida huwa kwenye kromosomu Y. Mwezi huohuo, kule Tokyo, Alphonce Simbu alitushindia dhahabu ya marathoni na nchi nzima ikasimama kwa furaha. Simbu hakuulizwa chochote kuhusu jeni zake. Mwanamume hapimwi.

Najua kuna msomaji atakayeuliza haya yanatuhusu nini sisi wa Mpanda, tunaohangaika na bei ya mbolea na barabara za vumbi. Yanatuhusu. Mjadala wa nani ni mwanamke na nani apewe nafasi za wanawake umeshafika kwenye vijiwe vyetu vya bodaboda kupitia simu. Aprili 16, 2025, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba neno mwanamke katika sheria yao ya usawa ya mwaka 2010 lina maana ya jinsi ya kuzaliwa, na haikuchukua siku mbili nikasikia vijana wa Makanyagio wakilibishania, kila mmoja akiwa na hakika yake. Wengine wanashangilia, wengine wanasema ni mambo ya Wazungu, wengine wanatumia nafasi hiyo kusema kwamba upendeleo wote wa wanawake ufutwe, kwa kuwa siku hizi hata mwanamke mwenyewe hajulikani.

Niseme msimamo wangu mapema. Nafasi za wanawake ziwepo, na ziwe za kweli. Palepale Rio David Rudisha wa Kenya alishinda mita 800 za wanaume kwa dakika 1:42.15. Semenya, ambaye dunia ilisema ana nguvu za kupita kiasi, alishinda za wanawake kwa 1:55.28. Sekunde 13 ni nyingi mno katika mbio fupi kama hiyo. Ukichanganya wote kwenye mbio moja, hakuna binti wa Ruyigi wala wa Mpimbwe utakayemwona jukwaani. Siasa nayo ina mfano wake. Viti maalum vya Bunge vilianza mwaka 1985 vikiwa 15 tu, kwa sababu bila hivyo ukumbi ulikuwa wa wanaume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka watu wasiopungua watatu kati ya saba wa baraza la ardhi la kijiji wawe wanawake, kwa sababu tunajua mjane alivyokuwa akipokonywa shamba mbele ya baraza la wazee watupu. Hayo nayatetea mchana kweupe.

Ninachokipinga ni tabia moja: kila tunapotaka kulinda nafasi ya mwanamke, wa kwanza kukaguliwa ni mwanamke mwenyewe, na mahali pa kumkagulia ni mwilini mwake.

Muulizeni Annet Negesa wa Uganda. Mwaka 2012 alikuwa na umri wa miaka 20, tegemeo la nchi yake katika mita 800, tayari kwa Olimpiki ya London. Wiki chache kabla ya michezo akaarifiwa kwamba vipimo vimeonesha homoni zake ziko juu na hatakwenda. Mwishoni mwa mwaka huo alifanyiwa upasuaji Kampala. Kwa maelezo yake, hakuelezwa vya kutosha kitakachofanyika, na alizinduka akikuta makovu ambayo hakuyatarajia. Shirikisho limekana kuhusika na upasuaji huo. Kasi yake haikurudi tena, na mwaka 2019 alipewa hifadhi Ujerumani. Binti huyo hakudanganya mtu. Alizaliwa akaitwa msichana, akalelewa msichana, akakimbia kama msichana. Waliokuwa na maabara walijua kumhusu kabla yeye mwenyewe hajajijua, na gharama yote akaachiwa yeye.

Wasichana wa Katavi wanaujua ukaguzi wa namna hii, ingawa wengi hawajawahi kusikia neno kromosomu. Nilisoma sekondari ya kutwa ambayo sitaitaja. Kila tulipofungua shule tulipangwa mstari nyuma ya jengo la utawala, karibu na vyoo. Kila msichana alikabidhiwa kikopo cha plastiki, jina limeandikwa kwa kalamu kwenye kipande cha plasta. Siku ambazo vipimo vilikuwa vimekwisha, tulilazwa mmoja mmoja kwenye meza ya ofisi na mama mmoja akatubonyeza tumbo chini ya kitovu, huku akiangalia dirishani. Wavulana walikuwa darasani wakiendelea na hesabu. Tulikosa kipindi kizima, tukirudi tunakuta ubao umeshafutwa. Msichana aliyekutwa na mimba hakurudi hata kuchukua madaftari yake. Na huyo aliyempa mimba, kama naye alikuwa mwanafunzi, alikuwa palepale darasani anajibu maswali.

Tuliambiwa ni kwa faida yetu. Elimu ya msichana inalindwa, tukaambiwa.

Tazameni ulinzi huo ulituletea nini. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 uliikuta Katavi ikiongoza nchi nzima: asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba. Taifa lilikuwa asilimia 27. Mwaka 2022 tulishuka hadi 34, na taifa likawa 22. Tumepiga hatua, lakini bado ni msichana mmoja katika kila watatu. Viongozi wetu wamesema sana kuhusu chagulaga, vijana kumzingira binti njiani akitoka kuchota maji au mnadani mpaka amchague mmoja wao. Wamesema sana kuhusu umbali wa shule. Sheria tangu mwaka 2016 inatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi. Lakini kila muhula kilichofanyika kwa uhakika, bila kukosa, ni kile kikopo.

Mwaka 2017 Rais John Magufuli alitamka hadharani kwamba aliyezaa asirudi kwenye shule ya serikali. Novemba 24, 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, Profesa Joyce Ndalichako, aliyekuwa Waziri wa Elimu, alitangaza mlango kufunguliwa, ukafuata Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka huo. Naishukuru Serikali kwa hilo kwa moyo wote. Septemba 2022 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto, katika shauri lililofunguliwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na wenzao wa Center for Reproductive Rights, iliitaka Tanzania ikomeshe kupima wanafunzi mimba kwa lazima. Hiyo ndiyo sehemu ambayo haijatangazwa kwa sauti kubwa vijijini.

Nami nitasema hili kwa heshima. Agosti 22, 2021, Ikulu, Rais Samia alisema wapo wachezaji wetu wa mpira wa kike ambao ukiwatazama vifua utadhani ni wanaume, na akaonesha wasiwasi juu ya ndoa zao. Najua alikuwa anaeleza hofu za mzazi. Lakini kauli ya mkubwa haina njia ya kurudi. Kuna mabinti Nsemulwa na Kashaulili wanaocheza mpira jioni, nywele zimekatwa, miguu imekomaa kwa mazoezi, na wanapopita wanaulizwa na wapita njia kama ni wa kike kweli. Siku hizi wanaowauliza wanaongeza kwamba hata Ulaya wanapimwa. Mmoja aliniambia ameacha kwenda uwanjani kwa sababu kaka yake amechoka kuulizwa.

Sasa nenda kwenye mikopo ya halmashauri uone kinyume chake. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Aprili 2023 Serikali iliisimamisha kwa sababu ya vikundi hewa na marejesho mabovu, ikaja kuirudisha mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Hapa hakuna mwanamume anayejifanya mwanamke. Hahitaji. Nilikaa na mhazini wa kikundi kimoja cha wakulima wa mpunga huko Kakese, mama wa watoto wanne. Alinionesha fomu: majina matano ya wanawake, picha tano, saini mbili na dole gumba tatu. Kila kitu halali. Nikamuuliza fedha zilifanya nini. Pikipiki mbili, akasema, na mbolea. Pikipiki ziko wapi? Moja anaendesha shemeji yake, nyingine mume wa mwenyekiti. Kadi za pikipiki zina majina ya nani? Akanyamaza, akakunja fomu taratibu akairudisha kwenye mfuko wa nailoni. Laini ya simu inayopokea ujumbe wa benki iko kwa mumewe. Rejesho likichelewa, mtendaji wa kata anamtafuta yeye.

Hivyo ndivyo nafasi ya mwanamke inavyoibwa Katavi. Inaibwa nyumbani, mchana, na watu ambao jinsi yao haina utata hata kidogo. Vijana wanaonitumia video za Uingereza kila asubuhi hawajawahi kunitumia hata mstari mmoja kuhusu kadi za pikipiki za Kakese.

Halafu tusijidanganye kwamba wanaozaliwa na maumbile yasiyo ya kawaida ni wa huko mbali tu. Lugha yetu ina neno huntha tangu zamani, na wakunga wetu wanawajua watoto hao, ingawa huwataja kwa kunong'ona. Kenya iliwahesabu kwenye sensa ya mwaka 2019 na kupata watu 1,524, na Sheria ya Watoto ya 2022 ikawataja kwa jina ili walindwe. Mtoto kama huyo akizaliwa Karema au Majimoto, mama yake hana pa kuuliza zaidi ya kwa majirani. Anaweza kukua binti mwenye mbio, akachaguliwa kwenye michezo ya shule za sekondari, UMISSETA, akapanda hadi timu ya taifa, na siku ya kwanza kuambiwa ukweli kuhusu mwili wake ikawa siku ya kunyang'anywa safari.

Kama dunia imeamua kupima, basi Shirikisho la Riadha Tanzania lihakikishe binti anaelezwa mapema, mbele ya mzazi wake na daktari, kwa siri, kabla jina lake halijapelekwa popote, na asilazimishwe dawa wala kisu. Maofisa michezo wa mkoa wetu waambiwe kwamba hakuna mwalimu wala kocha mwenye ruhusa ya kumkagua mchezaji wa kike eti kuhakikisha. Wakuu wa shule ambao bado wanagawa vikopo waache muhula huu, na wazazi mnaosoma safu hii ulizeni kwenye kikao cha shule kama vinagawiwa.

Kwa madiwani wa Manispaa ya Mpanda, Nsimbo, Mlele, Mpimbwe na Tanganyika nina ombi moja ambalo halihitaji fedha mpya. Kabla kikundi cha wanawake hakijapewa mkopo mwingine, afisa maendeleo ya jamii aombe kuona kadi ya pikipiki, hati ya mashine, na namba ya simu iliyounganishwa na akaunti, na aangalie zina majina ya nani.