Kivuli cha duara kwenye eksirei ya kifua: si kila mara ni TB

Mama au mlezi, huenda umeona mashine ndogo za eksirei zinazopelekwa vijijini kutafuta TB. Ni hatua njema. Lakini katika jamii za wafugaji, picha hiyo inaweza kuonyesha ugonjwa mwingine: haidatidi, yaani mifuko ya maji inayotokana na tegu wa mbwa. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ni kati ya maeneo yaliyoathirika zaidi duniani.

Mtoto humeza mayai ya tegu yaliyotoka kwenye kinyesi cha mbwa, kupitia mikono, maji au chakula. Mfuko hukua polepole, mara nyingi kwenye ini au mapafu. Ukiwa kwenye pafu huleta kikohozi, maumivu ya kifua, hata makohozi yenye damu. Ndiyo maana mtoto anaweza kumeza dawa za TB kwa miezi bila nafuu.

Kipimo gani kinaonyesha nini?

- Eksirei: mfuko mzima huonekana kama duara lenye ukingo laini. Ukipasuka, unaweza kufanana na jipu au TB.
- Ultrasaundi: ni nzuri kwa ini, lakini haipenyi hewa ya mapafu.
- Siti skani: huonyesha mfuko ulipo na kama una maji ndani.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza programu za kompyuta zisome eksirei za kutafuta TB kwa watu wa miaka 15 na zaidi. Picha ya mtoto wako mdogo basi isomwe na mtaalamu. Na hata kwa mtu mzima, jibu la "hakuna TB" halimaanishi kifua ni kizima.

Ukiambiwa kuna kivuli, uliza:

- Je, inaweza kuwa haidatidi? Mweleze kama mnaishi na mbwa na mifugo.
- Je, ini litapimwa kwa ultrasaundi?

Mfuko unaoshukiwa kwenye pafu usichomwe sindano ili kupima maji yake. Yakivuja, yanaweza kuleta mzio wa kuua. Usinunue albendazoli dukani pia, kwani inaweza kuchangia mfuko wa pafu kupasuka. Mara nyingi tiba yake ni upasuaji.

Mtoto akikohoa ghafla maji ya chumvi au vipande kama ngozi, akivimba uso au kushindwa kupumua, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.