Mchoro Unaobeba Masharti Yake

Katika ofisi nyingi za umma, mchoro wa utaratibu hubandikwa ukutani, nayo masharti yake hufungiwa jaladani. Mchoro waonyesha fedha zatoka kwa nani kwenda kwa nani. Jalada laeleza ni lini zisitoke. Katika mwanya ulio baina yao ubadhirifu hupata njia. Ndiyo maana natetea hapa tawi la hisabati ambalo wengi hulihesabu kuwa anasa ya wasomi.

Nadharia ya kategoria ina michoro ya nyuzi: visanduku ni shughuli, nyuzi ni vitu vipitavyo baina yake. Roger Penrose aliandika juu ya michoro ya namna hii mwaka 1971; mwaka 1991 André Joyal na Ross Street wakaonyesha kwamba inaaminika kama hoja kamili. Ukiuvuta na kuupinda uzi pasipo kubadili miunganisho, maana haibadiliki. Kwa upande mwingine, kuanzia miaka ya 1970, Per Martin-Löf wa Uswidi alijenga nadharia ya aina tegemezi, ambamo aina ya kitu hutegemea thamani ya kingine. Msemaji wa Kiswahili hapaswi kushangaa: kivumishi chetu hakijui kianze na ki- au m- mpaka nomino ijulikane.

Chukua mishahara. Aina ya kawaida husema tu, “hii ni orodha.” Aina tegemezi husema, “hii ni orodha ya majina 40, na orodha ya malipo itakayotoka iwe na mistari 40.” Mstari wa 41 hausubiri mkaguzi wa mwisho wa mwaka, programu yenyewe hukataliwa kabla haijatumika.

Kuviunganisha viwili hivi ni kazi ngumu, na ugumu wake wafundisha. Ili uzi mmoja utegemee mwingine, thamani sharti isomwe mahali pawili, yaani inakiliwe. Idadi ya watumishi hunakilika bila madhara. Shilingi je? Ikilipwa mara mbili, kuna mwizi. (Hali ya kwanta isiyojulikana nayo hainakiliki, hilo lilithibitishwa mwaka 1982.) Njia mojawapo, waliyoifuata Iliano Cervesato na Frank Pfenning katika mantiki mwaka 1996, ni kutenganisha taarifa na rasilimali, na kuruhusu utegemezi juu ya taarifa peke yake.

Wapo watakaonikumbusha msako wa watumishi hewa nchini Tanzania mwaka 2016. Kuhesabu majina 40 si kujua kwamba watu 40 wapo kazini, na hakuna aina itakayomzuia karani kuandika jina la marehemu. Nakubali. Lakini leo kila dawati husema lilipokea orodha kutoka dawati jingine. Mchoro wenye masharti ndani yake huacha mlango mmoja tu wa kuhojiwa: pale jina lilipoingizwa. Zabuni ya mfumo wa malipo idai mchoro huo pamoja na uthibitisho wake, ukaguliwe na mashine kabla katibu mkuu hajatia saini.