Kisingizio cha Moto

Nyumba ya kale ya mjini ikiungua, kauli mbili husikika kabla majivu hayajapoa. Ya kwanza ni kwamba ajali haina kinga. Ya pili ni kwamba jengo limekwisha. Husemwa na wenye nyumba, wapangaji, madiwani na watangazaji, na kwa kuwa husemwa kwa sauti ya msiba, hakuna anayezipima. Zote mbili si kweli. Moto wa jengo la kale huandaliwa kwa miaka, tena mchana kweupe, na jengo lililoungua mara nyingi humalizwa na watu baada ya moto wenyewe kuzimika.

Dodoma ndipo kauli hizi zilipo na hatari zaidi, kwa sababu zimeongezewa nyingine: kwamba mji huu ni mpya na hauna cha kale cha kuungua. Wengi huhesabu umri wake kuanzia mwaka 1973, TANU ilipoamua kuhamishia makao makuu huko, au 2016, Serikali ilipoanza kuhama kweli. Lakini Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Dodoma mwaka 1910, na mji ukaota kando yake. Stesheni ya zamani, hoteli ya reli mbele yake na maduka ya Kihindi ya Uhindini na Madukani, yenye baraza mbele, stoo nyuma na familia katikati, ni urithi wa mji huo wa reli. Nje ya Dodoma kuna Mpwapwa, walikofika wamisionari wa Kianglikana wa CMS katika miaka ya 1870 na Wajerumani wakaweka kituo mwaka 1889. Kuna pia Kilimatinde, wilayani Manyoni, palipokuwa na boma la Kijerumani kabla reli haijapita. Uwanda wa kati una majengo ya kale. Kilichokosekana ni orodha yake mkononi mwa anayetoa vibali.

Namna maduka ya aina hii yanavyoungua si fumbo. Safu nzima ya maduka ya zamani kwa kawaida hukaa chini ya paa moja la mabati lililobebwa na kenchi za mbao. Kuta zinazotenganisha duka na duka huishia kwenye dari. Juu ya dari unabaki uwazi mmoja mrefu, kutoka mwanzo wa safu hadi mwisho, na ndani yake mna mbao zilizokaushwa na jua la miaka themanini, viota vya ndege, vumbi na nyaya. Waya uliotandazwa kwa ajili ya taa mbili na redio sasa unabeba friji, pasi, mashine ya kuchomelea na chaja zisizo na idadi. Duka moja limegawanywa likawa fremu tatu, na kila mpangaji amekuja na fundi wake. Fyuzi iliyokuwa ikikatika ovyo imerukwa kwa kipande cha waya ili isisumbue tena. Cheche ikidondoka katika fremu ya kwanza, moto hupanda darini, hukimbia kwenye ule uwazi na kushukia fremu ya nne mwenye duka akiwa bado anahangaika na kufuli. Kesho yake taarifa husema chanzo ni hitilafu ya umeme. Ni kweli, kama ilivyo kweli kusema kwamba marehemu amefariki kwa kukosa pumzi.

Kinga ya moto huo ipo na haihitaji utaalamu wa ng'ambo: kupandisha ukuta mmoja kati ya kila fremu mbili au tatu hadi ukutane na bati, kung'oa nyaya za zamani, kuweka sakiti breka badala ya fyuzi iliyochakachuliwa, na kutoruhusu mitungi ya gesi na vyombo vya petroli kulala stoo. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 inawapa askari wa jeshi hilo mamlaka ya kukagua majengo kabla hayajaungua. Hata hivyo umma huwakumbuka siku moja tu, siku ya kulalamika kwamba gari limefika halina maji. Hesabu ya gari hilo ni nyepesi. Likiwa na lita 5,000 na mpira unaomwaga lita 500 kwa dakika, linafanya kazi dakika kumi. Baada ya hapo kila kitu kinategemea kama kuna bomba la zimamoto karibu na kama lina maji. Dodoma hupata takriban milimita 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na kwa miongo mingi imeyategemea maji ya visima vya Makutupora. Katika miezi ya katikati ya mwaka upepo huvuma kwa nguvu na mbao hukauka hadi kupasuka. Mji wa hali hiyo unaoacha ulinzi wa majengo yake mikononi mwa gari moja la maji umeshafanya uamuzi wake, hata kama hakuna aliyeutia sahihi.

Kauli ya pili, kwamba jengo limekwisha, inahitaji kujibiwa kwa mapana zaidi, kwa sababu ndiyo inayoleta greda. Moto hula vitu kwa upendeleo. Hula mbao, dari, milango, bidhaa na karatasi. Chuma kikifikia nyuzi joto 600 hivi hupoteza karibu nusu ya nguvu yake na kupinda. Lakini tofali la kuchoma lilizaliwa tanurini, katika joto linaloshinda la moto mwingi wa madukani, na ukuta wa udongo uliopigwa na moto huzidi kuwa mgumu. Ndiyo maana picha za asubuhi baada ya moto hufanana kila mahali: paa limeanguka ndani, kuta zimesimama. Adui wa kuta hizo si moto uliopita, ni mvua itakayokuja na kulowesha ukuta usio na kofia. Katika mji wa pwani mvua inaweza kunyesha wiki hiyo hiyo. Dodoma, nyumba iliyoungua Agosti ina miezi mitatu hadi minne ya ukavu. Muda huo unatosha kuifunika kwa turubai, kuleta mhandisi na kuezeka upya. Hakuna mahali Tanzania ambapo kisingizio cha haraka kina miguu mifupi kuliko hapo.

Zanzibar imetoa ushahidi wa pande zote. Tarehe 27 Agosti 1896 mizinga ya meli za Uingereza iliyapiga majumba ya Sultani kwa muda usiofika saa moja, na moto ukazuka. Beit al-Hukm iliharibiwa. Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883 na kusimama jirani nayo, ilinusurika, ikakarabatiwa na kuongezewa mnara wa saa. Jengo hilo lililoshinda mizinga na moto liliporomoka kwa sehemu kubwa tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika ukarabati, na kuua watu wawili. Hapakuwa na mwali wowote siku hiyo. Sehemu ya baraza zake ilikuwa imeshaanguka mwaka 2012, kwa hiyo jengo lilikuwa limetoa taarifa miaka minane kabla.

Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, ni mfano wa karibu zaidi. Lilisanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Paa lake ni miavuli mikubwa ya zege inayokinga mvua na kuipeleka kwenye tangi chini ya soko. Liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na aliyetazama picha za usiku ule angeweza kuapa kwamba limekwisha. Mali za wafanyabiashara ziliteketea, na hasara hiyo haina wa kuifidia kikamilifu. Lakini miavuli ya Amuli ilibaki. Serikali iliamua kulikarabati soko la zamani na kujenga jipya kando yake, kwa zaidi ya shilingi bilioni 28. Kama pale pangekuwa na safu ya maduka ya udongo ya mwaka 1925, kwenye kiwanja ambacho mtu anakitaka kwa ghorofa kumi, neno "limekwisha" lingepita bila mhandisi hata mmoja kuulizwa.

Atakayesema kwamba Kariakoo ni zege, na zege si mfano wa nyumba dhaifu, aangalie Kasubi, Kampala. Makaburi ya makabaka, yaani wafalme, wanne wa Buganda yamo ndani ya nyumba kubwa ya nyasi, Muzibu Azaala Mpanga. Iliungua tarehe 16 Machi 2010, na nyasi hazikuacha kitu cha kujivunia. Mwaka huo huo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Ujenzi ulikwenda polepole, ukasuasua, ukalaumiwa. Mwaka 2023 jina la Kasubi likaondolewa kwenye orodha hiyo, kwa sababu nyumba ilikuwa na wenyewe: watu wa ukoo wa Ngeye ambao kuezeka ni kazi yao ya urithi, na ufalme usiokubali kuitwa uwanja mtupu.

Uwanda wa kati wenyewe ulikuwa na jibu lake la moto muda mrefu kabla ya bati. Tembe, nyumba ya jadi ya Wagogo, lina paa bapa: nguzo, boriti, fito, kisha tabaka nene la udongo. Katika karne ya 19, karne ya uvamizi na wizi wa mifugo, mwenge uliotosha kuteketeza nyumba ya nyasi haukupata pa kushika juu ya udongo. Nyumba hiyo haikumalizwa na moto. Iliitwa alama ya kubaki nyuma. Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 iliwahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, na maana ya nyumba bora ikawa bati. Katika Operesheni Vijiji iliyofuata, ziko sehemu za nchi ambako nyumba za watu zilichomwa ili wasirudi. Walioshika kiberiti walikuwa na majina na vyeo.

Sheria nayo imeacha mlango wazi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Lililojengwa baadaye hulindwa tu likitangazwa na waziri. Hata Boma la Kale la Dar es Salaam, la miaka ya 1866 na 1867, halifikii mpaka huo. Hakuna jengo hata moja la mji wa reli wa Dodoma linaloweza kuufikia. Likiungua bila kutangazwa, mbele ya sheria limeungua duka tu.

Hoja nzito kuliko zote ni ya mwenye nyumba. Kiwanja kimepanda bei tangu Serikali ihamie, kodi ya fremu haitoshi kukarabati paa, na hakuna anayemchangia kulinda kumbukumbu ya mji. Hoja hiyo yaweza kuwa ya haki kabisa. Lakini ni hoja ya kubomoa, na ipelekwe kwenye Halmashauri ya Jiji ikiwa na jina hilo, ijadiliwe, ikubaliwe au ikataliwe, na ikibidi mwenye nyumba apunguziwe kodi ya jengo ili amudu kulitunza. Isipitie mlango wa nyuma wa msiba. Moto hauombi kibali, na ndio uzuri wake kwa anayekikwepa.

Jiji la Dodoma linaweza kuanza na hatua mbili kabla ya kiangazi kijacho: kuyapiga picha na kuyapima majengo ya Uhindini, Madukani na eneo la stesheni, moja baada ya jingine, na kuweka sharti kwamba hakuna jengo la zamani lililoungua litakaloangushwa kabla mhandisi hajazikagua kuta zake kwa maandishi na ripoti yake kubandikwa kwenye ofisi ya kata, mahali ambapo kila mpita njia anaweza kuisoma.