Ugonjwa uliovuka bahari pamoja na watumwa

Udongo twaulima nao watulisha. Lakini katika udongo wenye maji wa nchi za joto mnaishi kidudu kisichoonekana kwa macho, nacho huleta ugonjwa uitwao melioidosi. Daktari Whitmore na mwenziwe Krishnaswami waliutambua mwaka 1911 mjini Rangoon, nchi ya Burma.

Kidudu huingia kwa jeraha, kwa maji ya kunywa, hata kwa pumzi wakati wa dhoruba. Humshika hasa mkulima wa mpunga aendaye miguu mitupu, na zaidi mwenye ugonjwa wa sukari. Nao ugonjwa huo una hila: hujifanya kifua kikuu, tena waweza kulala mwilini miaka mingi. Mtu mmoja aliyefungwa na Wajapani katika vita kuu ya pili aliugua baada ya miaka 62.

Mwaka 2017 wataalamu walitangaza kwamba wamelinganisha chembe za urithi za vidudu hivyo kutoka nchi nyingi. Makao ya kale yaonekana kuwa Australia, na kutoka huko vikafika Asia. Lakini vile vya Amerika ya Kati na ya Kusini vilitoka Afrika, kati ya miaka 1650 na 1850. Ni miaka gani hiyo, kila mwanafunzi ajua: ni miaka ya merikebu za watumwa. Wengi wao walikuwa watu wa Kongo na Angola. Mtakatifu Petro Klaver, aliyefariki mwaka 1654, aliwapokea bandarini Cartagena, akiwatunza wagonjwa kwa mikono yake. Basi mtu asiseme kwamba Mwafrika alipeleka ugonjwa ng'ambo. Aliyeupeleka ni yule aliyemnunua.

Siku hizi chupa yatosha. Mwaka 2021, huko Marekani, watu wanne waliugua na wawili wakafa, mmoja wao mtoto. Chanzo kilikuwa marashi ya kupuliza nyumbani, yaliyotengenezwa India. Mwaka 2022 kidudu kilionekana katika udongo wa Mississippi.

Dawa ipo, ila si ya siku tatu: kwanza sindano kwa majuma mawili hivi, kisha vidonge kwa miezi mitatu au zaidi. Ndugu mwenye sukari, ukilima bondeni vaa viatu vya mpira, ufunike jeraha. Na homa ikikataa dawa ya malaria, mwambieni mganga kwamba mgonjwa hushinda matopeni.