Barua ya Kuomba Kazi: Iandike Mwenyewe, Mama

Baadhi yenu mmeomba tuzungumzie barua ya kuomba kazi, na ombi hilo limekuja wakati wake. Mwezi Septemba 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la bandari ya uvuvi pale Kilwa Masoko, na habari za ajira zimekuwa zikizungumzwa sana majumbani mwetu, toka Somanga mpaka Lindi mjini. Wapo akina mama wengi wenye cheti cha kidato cha nne, cha upishi au cha ushonaji, ambacho kimelala sandukuni tangu walipoolewa. Sasa sare, madaftari na chakula vimelemea kipato cha baba peke yake, na mama anataka kusaidia.

Lakini akifika kwenye barua anakwama. Anakwenda steshenari, anamlipa kijana amwandikie. Kijana huyo ana barua moja tu kwenye kompyuta yake; hubadili jina na tarehe basi. Mwajiri akifungua bahasha, anakuta maneno yale yale kutoka kwa waombaji wengi. Atamchaguaje mmoja wao?

Mama, usidhani kwamba kuandika barua ni kazi ya watu wa ofisini. Barua za Kiswahili za kale kabisa zinazojulikana ziliandikwa hapa Kilwa mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu. Zilipelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao, na leo zimehifadhiwa huko Goa, India. Mmoja wa wenye barua hizo ni mwanamke, Mfalme Fatima, malkia wa Kilwa. Nawe unaweza.

Mambo ya kuepuka

Kwanza, acha ile sentensi ya "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Mwajiri amekwisha kukiona kichwa hicho. Anza na kazi unayoomba.

Pili, usiandike "naomba kazi yoyote." Unaweza kuona kuwa huo ni unyenyekevu, lakini mwajiri huona kwamba hujui unachokiweza. Taja kazi moja. Kama unaomba mbili, andika barua mbili.

Tatu, usijaze barua shida za nyumbani. Shida ni za kweli, lakini mwajiri anatafuta mtu wa kumfanyia kazi. Mweleze utakachomfanyia.

Nne, usiifiche miaka uliyolea watoto. Mwajiri akiona umeruka kutoka mwaka 2014 hadi leo bila maelezo, atajaza pengo hilo kwa mawazo yake. Sema wazi ulikuwa wapi, kisha taja ulichokifanya katika miaka hiyo. Kutunza fedha za kikundi cha VICOBA, kulima na kuuza mwani, kupika kwenye shughuli, yote hayo ni kazi. Yaandike pamoja na idadi: wanachama wangapi, miaka mingapi, watu wangapi walikula.

Mfano

Juu kulia weka anwani yako, namba ya simu na tarehe. Chini yake, kushoto, weka cheo na anwani ya unayemwandikia. Kisha kichwa cha habari, na maelezo kama haya:

YAH: MAOMBI YA KAZI YA UPISHI

"Naomba kazi ya upishi mliyoitangaza kwenye ubao wa matangazo wa kata tarehe 3 Machi.

Nina cheti cha upishi nilichokipata mwaka 2012. Baada ya hapo nilipika katika bweni la shule kwa miaka miwili, nikihudumia wanafunzi 120.

Tangu mwaka 2015 nimekuwa nyumbani nikilea watoto watatu. Katika miaka hiyo nimepika chakula cha shughuli kwa kuagizwa, na tangu mwaka 2019 ni mweka hazina wa kikundi chetu chenye wanachama 25.

Mtoto wangu wa mwisho ameanza darasa la kwanza, hivyo naweza kuanza kazi mara moja. Naambatanisha nakala za vyeti vyangu, na niko tayari kufika kwa usaili siku mtakayopanga."

Malizia kwa "Wako mtiifu," sahihi, na jina lako kamili. Barua nzima isizidi ukurasa mmoja. Mpe mtu mwingine aisome kabla hujaituma, maana jicho la mwandishi huruka makosa yake.

Kazi za serikali

Maombi ya kazi zinazotangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hutumwa kwa mtandao wa Ajira Portal. Hata hivyo barua bado inatakiwa, iwe na sahihi yako, nayo yaweza kuandikwa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Soma tangazo lote kwa makini. Mengi huweka kikomo cha umri wa miaka 45, na hutaka cheti cha kuzaliwa na maelezo binafsi yenye majina ya wadhamini.

Ukisaidiwa steshenari, tumia namba yako ya simu na barua pepe yako mwenyewe, wala neno la siri usimwachie mtu. Wapo walioitwa kwenye usaili na ujumbe ukaishia kwenye simu ya mwingine.

Angalia pia majina. Wengi wetu tulisoma kwa jina la baba, kisha kitambulisho kikaandikwa jina la mume. Majina yakitofautiana, mwone wakili mapema akueleze hati ya kisheria inayohitajika. Usingoje siku ya mwisho ya kupokea maombi.

Na cheti kiwe chako. Mwaka 2017 serikali ilitangaza orodha ya watumishi 9,932 walioonekana kuwa na vyeti vya kughushi. Wengine walikuwa wamekwisha kufanya kazi miaka mingi na familia zikiwategemea. Vile vile, mtu akikudai fedha ili barua yako "isogezwe mbele," jua kwamba anakuibia.

Zungumza na baba watoto

Ukiandika "naweza kuanza mara moja," umetoa ahadi kwa niaba ya nyumba nzima. Kaeni kwanza pamoja. Nani atampokea mtoto akitoka shule? Kazi ikiwa ya zamu za usiku, itakuwaje? Ikiwa ni Lindi mjini nanyi mko Kivinje, nauli na malazi vitatoka wapi? Ni heri mkubaliane kabla ya bahasha kufungwa kuliko kugombana baada ya mshahara wa kwanza. Wapo akina mama walioipata kazi wakaiacha mwezi wa pili kwa sababu maswali haya hayakuulizwa.

Basi mama, toa kile cheti sandukuni usiku wa leo. Chukua karatasi, andika mistari mitatu: kazi gani unaiweza, umewahi kuifanya wapi, na lini unaweza kuanza. Hiyo ndiyo barua yako. Yanayobaki ni anwani na sahihi. Nakala moja ibaki nyumbani, maana utakapoitwa kwenye usaili watakuuliza yale uliyoandika.

Toleo lijalo tutazungumzia usaili wenyewe. Mungu awabariki katika kazi za mikono yenu.