Sukari Inaposhuka Darasani

Wapo wengi miongoni mwetu ambao hustaajabu wakiambiwa kwamba mtoto wa miaka minane anaugua kisukari. Hustaajabu zaidi waambiwapo kwamba kinachoweza kumwangusha ghafla si wingi wa sukari, bali ni upungufu wake.

Mtoto huyo kongosho lake halitengenezi tena insulini, hivyo huishi kwa kudungwa dawa hiyo kila siku. Tangu Januari 1922, kijana wa miaka 14 alipodungwa insulini mjini Toronto, dawa hiyo imeokoa watoto wasiohesabika. Lakini dawa haina macho. Ikishaingia mwilini huendelea kushusha sukari, hata kama mtoto hakupata staftahi au amekimbia mno uwanjani. Sukari ipunguapo chini ya milimoli 4 kwa lita ya damu, mtoto aweza kutetemeka, kutokwa na jasho, kuwa mkali bila sababu, au kuukodolea ubao macho asielewe lolote.

Hapo ndipo penye balaa. Mwalimu asiyejua humwona mtundu au mvivu, akamtoa nje peke yake. Mwenzake mwenye huruma bila elimu humnyima chai ya sukari, eti kwa kuwa ana kisukari! Wote wawili wanamhatarisha.

Mtoto huyu ahitaji sukari papo hapo: takriban gramu 15, yaani vijiko vitatu vya chai vilivyokorogwa majini, au nusu gilasi ya soda ya kawaida. Aliye mdogo hutosheka na pungufu ya hapo. Baada ya dakika 15 apimwe. Ikiwa bado iko chini, apewe tena, kisha ale chakula. Lakini akizirai, asitiwe chochote kinywani asije akapaliwa. Alazwe ubavu, akimbizwe hospitalini.

Watasema baadhi kwamba huo ni wajibu wa mzazi. Sawa, mzazi na aieleze shule hali ya mwanawe. Lakini saa nne asubuhi mzazi yuko kazini au shambani, na aliye karibu ni mwalimu. Kwa hiyo Wizara ya Elimu haina budi kuyatia maarifa haya katika mafunzo ya walimu, na kila shule iweke sukari mahali panapojulikana na wote.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu wazibwa kwa vijiko vitatu vya sukari; je, twangoja nini?