Mboji Mbichi Inaua Bustani

Wiki iliyopita mama mmoja alipiga simu kwenye kipindi cha kilimo redioni. Mchicha wake umedumaa tangu aweke mboji, na majani ya chini yamekuwa manjano. Mtaalamu akamjibu bila kusita: "Ongeza mboji, mama. Mbolea ya asili haina madhara."

Nimeudhika sana. Haina madhara? Kinyesi kibichi cha kuku kinaunguza mizizi, na kila mfugaji analijua hilo.

Na si kinyesi peke yake: viroba vingi ninavyoviona vikiuzwa Dar es Salaam kwa jina la mboji vimejaa vitu vilivyozolewa kwenye banda la kuku wa nyama: maranda tele, kinyesi kidogo. Lundo zuri la mboji huanza na kaboni sehemu 25 hadi 30 kwa naitrojeni sehemu moja. Maranda matupu hupita 200. Ukiyafukia tutani yangali mabichi, vijidudu vya udongo vinayavamia, na kwa kuwa humo naitrojeni ni haba, vinachukua ile ya udongoni. Mchicha unabaki na njaa. Unainyofoa naitrojeni kwenye majani ya chini na kuipeleka kwenye machanga, ndiyo maana ya chini yanatangulia kuwa manjano. Sasa mtu anakwambia uongeze maranda mengine!

Nikisema hivi naambiwa, "Mbona bibi zetu walimwaga samadi tu na wakavuna?" Bibi gani huyo? Samadi ililundikwa kando ya zizi kiangazi kizima, ikaiva, ndipo ikabebwa shambani kabla ya mvua. Wanaomtaja bibi hawajawahi kumbebea hata ndoo moja.

Na plastiki iliyomo kwenye mboji hiyo je? Mifuko ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, lakini mpaka leo tunaokota vipande vyake kwenye matuta kama tunachambua mchele, na muuzaji haoni aibu.

Mama yule alistahili kuambiwa hivi: usiongeze kitu, mwagilia, tia urea kidogo kuokoa mchicha uliopo, na mboji iliyobaki ilundike upya, uigeuze mpaka ipoe na kunukia udongo. Ndiyo, urea. Wenye dini ya "asili tupu" wakasirike wapendavyo, mchicha hauli itikadi.

Nawe unayekwenda kununua kiroba, zamisha mkono ndani kabla hujalipa. Ukikuta joto, harufu ya mkojo au maranda yanayotambulika, muachie mwenyewe.